Siku 19 kutoka Bangkok hadi Singapore, Desemba hii: naomba mnisaidie kupanga miji na fukwe

#1 Binti Mzizima

Wakuu habari za jioni.

Mimi na mume wangu tumedunduliza miaka miwili, na mwaka huu tumepata likizo pamoja, jambo ambalo kwa kazi zetu (mimi ni nesi, yeye yuko bandarini) si rahisi. Tuko Dar. Tunataka kwenda Asia ya Kusini-Mashariki kuanzia tarehe 12 Desemba hadi tarehe 31. Nje ya Afrika tumewahi kufika Dubai tu, siku nne.

Nimekaa na ramani wiki tatu na nimepanga hivi: Bangkok usiku 4, kisiwa cha Koh Samui 5, Kuala Lumpur 3, visiwa vya Perhentian 4, Singapore 3. Tiketi sijalipa bado. Samui na Perhentian nimezichagua kwa sababu ya picha. Maji yake ni kama ya Nungwi asubuhi, na bei za vyumba mwezi huo zimeshuka sana, karibu nusu.

Naomba waliofika huko waniambie kama siku zimegawanyika vizuri, na kama kuna kitu nimekiruka. Sisi si watu wa madisko. Tunataka mji kidogo, chakula kizuri, na bahari ya kuogelea kwa utulivu.

#2 Mdau Uyole

Uzi mzuri. Naweka kiti hapa, na mimi nina safari kama hiyo ila mwakani mwezi wa sita.

#3 Omo na Tezi

Binti, usilipe chochote kwanza. Soma hapa.

Hizo bei zimeshuka nusu kwa sababu. Desemba kule Samui na Perhentian ni mvua na bahari chafu. Nimekuwa baharia kwenye meli za mizigo miaka 19, kabla ya hapo nimelelewa kwenye majahazi Tanga, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha ya nyumbani na utaielewa mara moja.

Wewe ni mtu wa pwani, unajua kaskazi na kusi. Sasa pepo hizo si zetu peke yetu. Bahari ya Hindi yote na bahari zilizo mashariki yake zinakwenda kwa mfumo huohuo. Kaskazi ikishika kwetu, kuanzia Desemba hadi Machi, na kule upepo unatoka kaskazini-mashariki. Tofauti ni njia unayopita. Kule unashuka kutoka upande wa China, unakatisha Bahari ya China Kusini na Ghuba ya Thailand, unazoa unyevu wote juu ya maji yale ya vuguvugu, kisha unaugonga upande wa mashariki wa ile rasi ndefu inayoshuka kutoka Thailand hadi Malaysia. Mvua yote inaangukia hapo. Koh Samui iko upande huo. Koh Phangan na Koh Tao ziko upande huo. Perhentian, Redang na Tioman ziko upande huo.

Sasa tazama upande wa pili wa rasi, upande wa magharibi, Bahari ya Andaman: Phuket, Krabi, Koh Lanta, Koh Lipe, na Langkawi ya Malaysia. Katikati kuna milima. Upepo ukifika kule umeshamwaga mzigo wake. Desemba ni jua, na bahari imelala.

Ikija kusi mambo yanageuka. Kusi hii inayotusukumia mawimbi sisi Juni na Julai, ikishavuka ikweta inapinda na kuvuma kutoka kusini-magharibi, inakwenda India na inakwenda Andaman ikiwa imebeba mvua. Miezi hiyo Phuket wanasimamisha bendera nyekundu ufukweni na kila mwaka watu wanazama kwa kuzipuuza.

Nikupe nilichokiona kwa macho. Mwaka mmoja tulitia nanga nje ya Songkhla, upande wa Ghuba, mwezi wa Desemba. Siku sita hatukuona jua; mashua ya kuleta rubani wa meli ilishindwa kutukaribia siku mbili, na mpishi alifunga masufuria kwa kamba juu ya jiko. Kutoka hapo tukazunguka rasi kwa Singapore, tukapanda Mlango wa Malaka hadi Penang. Siku chache tu baadaye, pwani ya pili ya rasi ileile, maji yametulia kama ya mtungini, na watoto wanaruka kutoka gatini.

Kwa hiyo miji yako yote ni sawa. Badilisha upande wa bahari.

#4 Binti Mzizima

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili na nimemsomea mume wangu kwa sauti, maana yeye kila siku ofisini wanazungumzia kusi na kaskazi na hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba upepo ule unafika huko. Ahsante sana. Bora nimeuliza kabla ya kulipa.

Perhentian ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa picha zile. Hakuna namna kabisa?

#5 Mpemba wa Penang

Waalaykum wote. Dada, mimi nasoma Penang mwaka wa tatu sasa. Mzee amesema kweli tupu. Perhentian kuanzia Novemba hadi karibu mwisho wa Februari hoteli nyingi zinafunga kabisa, na boti za kutoka bandari ya Kuala Besut zinapungua au kusimama kwa mawimbi. Zile picha ni za Aprili hadi Septemba.

Nakushauri hivi: usirudi nyuma njiani. Ingia Bangkok, teremka kwa mstari mmoja upande wa Andaman, vuka kuingia Malaysia kwa boti, maliza Kuala Lumpur na upandie ndege ya kurudi hapo. Tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine mara nyingi haizidi sana ile ya kwenda na kurudi mji uleule, na unaokoa siku nzima. Halafu kuna suala la viza: ya Thailand ya kawaida ni ya kuingia mara moja. Ukitoka kwenda Malaysia halafu ukataka kurudi Bangkok kupanda ndege, unahitaji nyingine. Malaysia sisi Watanzania tunaingia bila viza, na Wakenya na Waganda pia. Thailand lazima uombe, na maombi yote siku hizi ni mtandaoni. Anza mwezi mmoja na nusu kabla: taarifa ya benki, tiketi, na hoteli za siku zote. Weka hoteli zile unazoweza kuzifuta bila kukatwa, ukipata viza ndipo uchague kwa makini.

#6 Kizingo Mjini

Niongeze la muhimu ambalo limewatesa wengi wetu kutoka huku: kadi ya homa ya manjano. Kenya na Tanzania zote ziko kwenye orodha ya Thailand ya nchi ambazo wasafiri wake lazima waonyeshe kadi hiyo. Chanjo iwe imepigwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Kama ulichanjwa zamani usipoteze pesa kuchanjwa tena, tangu Julai 2016 kadi inadumu maisha yako yote, hata zile zilizoandikwa miaka kumi.

Ukishuka Suvarnabhumi, kiwanja cha ndege cha Bangkok, usifuate tu umati kwenda uhamiaji. Tafuta kwanza dawati la afya, liko kabla ya uhamiaji. Unajaza fomu, wanatazama kadi, wanagonga muhuri. Ukienda uhamiaji bila muhuri huo unarudishwa, na foleni unaianza upya. Mimi nilisimama dakika hamsini, nikarudishwa, nikasimama nyingine arobaini, na mtoto wa miaka minne amelala begani.

Pia kuna fomu za kuingia za mtandaoni: Thailand ilianza yake Mei 2025, Malaysia inayo, Singapore inayo. Zote unajaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na zote ni BURE. Ukiona tovuti inakuomba dola, si ya serikali, ifunge.

Na kwa ndugu zangu wa Mombasa na Meru: miraa iache nyumbani, hata jani moja lililosahauliwa mfukoni mwa koti. Kule ni dawa ya kulevya kama dawa nyingine, na sheria zao za dawa za kulevya ni kali mno, Singapore na Malaysia hadi adhabu ya kifo. Sigara za umeme pia Thailand na Singapore ni marufuku.

#7 Mjukuu wa Matrah

Salaam kutoka Muscat. Sisi huku familia nyingi za Kiswahili zinakwenda Phuket na Kuala Lumpur kila mwaka, ni kama saa sita za ndege. Kwa nyie wa Dar na Unguja angalieni pia bei za kupitia Muscat, Doha na Addis Ababa. Kutoka Nairobi kuna ya moja kwa moja hadi Bangkok.

Angalia saa kwa makini sana. Tiketi nyingi za huko zinaondoka baada ya saa sita usiku. Ikiandikwa tarehe 14, saa 00:35, maana yake uwe kiwanjani usiku wa tarehe 13. Binamu yangu na mkewe walijiandaa usiku wa tarehe 14, wamefunga mabegi, wameaga watu, wamefika kiwanjani wakaambiwa ndege yenu imeondoka jana. Walilipa upya kiti kimoja kimoja. Sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tunatakiwa tukae chini na tiketi na tuandike pembeni kwa kalamu: saa ngapi za usiku, usiku wa siku gani.

#8 Simba wa Kagera

Sijaona mtu anaitetea Singapore. Msiikate jamani. Ni siku mbili tu na mtu anaona mji ambao hajawahi kuuona: treni za chini kwa chini safi, bustani za kando ya Marina bure kuzitembelea, na vile vibanda vya chakula vya pamoja, hawker, ambavyo UNESCO iliviingiza kwenye urithi mwaka 2020. Sahani ya wali na kuku ni dola 4 hadi 6 za Singapore. Na viza hatuhitaji.

#9 Mpemba wa Penang

Kaka Simba, chakula ni kweli, tena kizuri. Tatizo ni kulala. Kitanda kimoja katika chumba cha watu wanane Singapore kinakaribia bei ya chumba kizuri cha watu wawili hapa George Town, mji wetu wa Penang, chenye bafu na feni na dirisha la mbao linalotazama barabarani. Kwa watu waliodunduliza miaka miwili, na kipindi cha Krismasi, mimi ningeitoa na usiku wake ningeuweka baharini. Waje tena siku nyingine kwa ajili ya Singapore peke yake.

#10 Simba wa Kagera

Hapo kwenye malazi nimekubali. Lakini akipata ndege ya kurudi inayopitia Changi, kiwanja cha Singapore, na kukaa saa saba, atoke nje ale.

#11 Binti Mzizima

Tumekaa jana usiku tukapanga upya, mume wangu ameshika kalenda:

Bangkok tarehe 12 hadi 16. Ndege hadi Krabi, kisha ufukwe wa Railay 16 hadi 18. Koh Lanta 18 hadi 23. Koh Lipe 23 hadi 25. Langkawi usiku mmoja, 25. Penang 26 hadi 29. Kuala Lumpur 29 hadi 31, kisha nyumbani.

Maswali yangu: moja, sisi ni Waislamu, chakula cha halali Thailand tutakipata? Mbili, pesa tubebe vipi? Tatu, ile ya kuvuka mpaka kwa boti inanitia wasiwasi, mimi bahari ikichafuka natapika.

#12 Mpemba wa Penang

Mpango huu umenifurahisha, dada. Nijibu kwa urefu kidogo.

Chakula: Bangkok unatafuta, kusini hutafuti. Koh Lanta wakazi wengi ni Waislamu, wavuvi, utasikia adhana asubuhi. Krabi na Ao Nang vibanda vingi vya pembeni mwa barabara ni vya akina mama waliovaa mitandio. Bangkok nenda mtaa wa Bang Rak karibu na msikiti wa Haroon, na Ijumaa pana wauzaji wengi wa chakula nje. Ukifika Malaysia ndiyo umefika nyumbani. Nasi lemak, chakula chao cha asubuhi, ni wali wa nazi. Wali wa tui, umetiwa jani la pandani ambalo ni jamaa ya mkadi wetu, pembeni dagaa wakavu waliokaangwa, karanga, vipande vya tango, yai, na pilipili ya kusaga iliyopikwa ikawa tamu. Wanakufungia kwenye jani la mgomba na karatasi, umbo la piramidi, ringgit mbili au tatu. Siku ya kwanza nilipofungua lile jani harufu ilinirudisha Chake Chake. Roti canai ni chapati ya tabaka inayopigwa hewani. Murtabak ni mkate wa mayai uleule wa Mombasa, wenye kima na kitunguu ndani. Satay ni mishkaki, ila wanachovya kwenye rojo la karanga.

Na masikio yako yatafurahi. Meza wanaita meja. Bendera ni bendera. Limau ni limau. Nanasi ni nanas, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, dunia ni dunia. Mengine yaliletwa na Waarabu, mengine na Wareno, kwao na kwetu.

Pesa: beba dola za noti kubwa, mpya, zisizochanika wala kuandikwa. Noti ya 100 inapata bei nzuri kuliko za 20. Kiwanjani badilisha kidogo tu cha kukufikisha mjini. ATM za Thailand zinakata baht 220 au zaidi kwa kila utoaji wa kadi ya nje, kwa hiyo ukitoa toa nyingi kwa mara moja. Usafiri wa mjini pakua Grab, inafanya kazi Thailand, Malaysia na Singapore. Bolt unayoijua ya Dar ipo Bangkok pia. Bajaji zao, tuk-tuk, patana bei kabla hujakaa.

Boti: kutoka Lanta kwenda Lipe ni kama saa tatu, Lipe hadi Langkawi saa moja na nusu. Hizi boti zinakwenda msimu wa jua tu, na msimu huo bahari kama alivyosema mzee. Kaa nyuma, si mbele. Mbele ndiko boti inakopiga. Langkawi kwenda Penang, boti ya moja kwa moja siku hizi hakuna. Panda feri hadi Kuala Kedah, teksi hadi stesheni ya Alor Setar, treni hadi Butterworth, na hapo kuna feri ya ringgit 2 kukuvusha George Town kwa dakika kama kumi na tano. Usipande gari juu ya daraja. Feri ile ndiyo njia ya kuuingia mji huu, unauona unakujia.

LIPE ILIPE KWANZA. Ni kisiwa kidogo, wiki ya Krismasi kinajaa. Halafu treni ya Butterworth kwenda Kuala Lumpur: Desemba ni likizo ya shule Malaysia, viti vinaisha. Nunua mapema mtandaoni.

#13 Omo na Tezi

Kwa kutapika: kula kidogo saa moja kabla, kitu kikavu, mkate au kashata ya karanga. Tumbo tupu ni baya kuliko lililoshiba. Tazama upeo wa bahari, usitazame simu. Na ukifika Langkawi sogeza saa mbele, Malaysia iko saa moja mbele ya Thailand, saa tano mbele ya kwetu.

Jambo jingine. Kwenye fukwe za Andaman utaona vibao vya bluu vyenye picha ya wimbi na mtu anayepanda mlima. Ni vya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ile iliyoua watu wengi sana Phuket na Khao Lak, na nguvu yake ilifika hadi Somalia na kwetu Tanzania. Ukifika hotelini, siku ya kwanza, fuata kibao hadi kinakoishia kwa miguu yako. Dakika kumi tu. Halafu ogelea kwa amani.

#14 Bibi Vikokotoni

Wanangu, niwape la mavazi. Mwanamke beba doti moja ya kanga. Kanga moja ni taulo ya ufukweni, ni shuka la kwenye boti yenye kiyoyozi, ni sitara ya kiunoni ukiingia hekaluni. Lakini pale Kasri Kuu la Bangkok hawakubali mtandio wa kutupia mabegani, wanataka shati lenye mikono hasa, na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Kiingilio ni baht 500, ukirudishwa mlangoni kwa nguo inauma.

Na mtu yeyote nje ya geti akikwambia "leo pamefungwa, njoo nikupeleke kwingine", mwache aseme, wewe nenda hadi mlangoni. Huo ni mchezo wao wa miaka mingi. Wanakupeleka kwenye maduka ya vito na nguo.

Hekalu la Wat Pho ni karibu na hapo, yule Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46, amejaza jengo lote. Ukitoka, shuka gatini, boti ya kuvuka mto Chao Phraya kwenda hekalu la Wat Arun ni baht chache tu. Nendeni alasiri, jua likiwa linateremka.

#15 Kizingo Mjini

Pikipiki: visiwani kila mtu atakukodisha bila kuuliza leseni. Usitoe pasipoti kama dhamana. Kwenye kisiwa kimoja niliacha yangu dukani, nikarudisha pikipiki nzima, mwenye duka akaonyesha mkwaruzo ambao ulikuwepo, akataka baht elfu sita. Pasipoti iko kwake, boti yangu inaondoka baada ya saa mbili. Nililipa. Acha nakala na amana ya pesa, piga video pikipiki yote kabla ya kuiwasha, na akikataa nenda duka la jirani. Na kama huna leseni ya pikipiki, bima yako ya safari haikulipi ukianguka.

#16 Mdau Uyole

Dada Binti, ukirudi usitusahau na mrejesho.

#17 Binti Mzizima

MREJESHO, tukiwa Penang, tarehe 28.

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mvua tumeipata mara moja, Bangkok, nusu saa, tumejikinga chini ya njia ya treni ya juu tunakula maembe na wali wa kunata. Baada ya hapo jua tu. Hoteli ya Koh Samui niliyotaka kuilipa mwanzo niliendelea kuifuatilia kwenye simu: wiki tuliyokuwa Lanta bahari imechafuka, wageni wanaandika wamekaa vyumbani.

Railay hakuna barabara, unafika kwa mashua ya mkia mrefu tu. Injini ya gari imefungwa kwenye mhimili mrefu wa chuma wenye propela mwishoni, dereva anauzungusha kwa mwili mzima. Unashuka majini na begi kichwani. Mume wangu alisimama nusu saa anaitazama ile injini, mwisho dereva akamwita akamwonyesha.

Lanta ndiko moyo wangu ulikobaki. Mji wa zamani uko upande wa mashariki, nyumba za mbao zimesimama juu ya nguzo ndani ya maji. Tuliamka alfajiri tukaenda huko. Maji yametoka, mama mmoja mtu mzima, kajifunga nguo kama yetu tu, anatembea topeni na ndoo anaokota chaza, kila akiinama anapiga jiwe kwa kijichuma kidogo, tik tik, anatoa nyama yake anaitia kwenye chupa ya maji iliyokatwa. Alinipa kimoja mkononi. Hatukuwa na lugha. Nikamwonyesha picha ya mama yangu akivuna mwani Bwejuu, ameinama vilevile, akaishika simu yangu kwa mikono miwili, na kuirudisha hakutaka haraka.

Mpaka wa Lipe uko ufukweni kabisa. Ofisi ya uhamiaji ni kibanda kwenye mchanga, unagongewa muhuri wa kutoka Thailand umevaa ndara, miguu imelowa. Sikutapika. Mzee, nilikula kashata.

Feri ya Butterworth, Mpemba, ulikuwa na haki. Alikuja kutupokea upande wa pili na nasi lemak nne mkononi, Mungu amlipe.

Makosa yetu mawili: Lipe tulichelewa kulipa kwa siku kumi, tukapata chumba cha nyuma, mbali na maji na kwa bei ya mbele. Na Bangkok siku nne zilikuwa nyingi kwetu, tatu zingetosha, ya nne tungeiweka hapa George Town. Kesho treni ya Kuala Lumpur, tunataka kupanda zile ngazi 272 za mapango ya Batu Caves asubuhi kabla ya joto.

#18 Mdau Uyole

Ahsante sana dada, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Mzee Omo na Tezi, mimi nakwenda mwezi wa sita. Nifuate njia hiyohiyo?

#19 Omo na Tezi

Hapana. Juni ni kusi. Geuza: sasa ndiyo zamu ya Samui, Koh Tao na Perhentian, Andaman iache. Au teremka zaidi, vuka ikweta hadi Bali na Lombok, visiwa vya Indonesia. Huko kusi inafika kavu, na utawakuta wavuvi kwenye mashua zenye ndubi pande mbili, utadhani umesimama Kizimkazi unatazama ngalawa.

#20 Mpemba wa Penang

Na kama utapita Penang mwezi huo, ni msimu wa doriani, lile tunda la harufu kali, kule Balik Pulau. Nitakupeleka shambani. Tutaila hukohuko barabarani, maana hotelini hawakuruhusu kuingia nayo.